Mwezi wa Kubandika

Mume wangu alifungua mdomo kwenye skrini ya futi ishirini, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Ridhwan.

Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Ridhwan ana kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo, huanza nacho kila anapotaka kusema jambo ambalo mwenyewe analiona kubwa. Alikuwa nacho tangu tulipokuwa majirani kule Euless, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, milango yetu inatazamana. Sasa kikohozi kile kilitoka kinywani mwa Hudhaifa wangu, aliyekufa huu mwaka wa kumi na nane, maneno yakafuata, na ukumbi mzima wa Waswahili wa Houston ukapiga makofi. Nilishika mkono wa kiti kwa nguvu. Nilitaka kuinuka nimpige mtu, lakini wa kumpiga alikuwa amesimama nyuma kwenye giza, kavaa koti jeusi, anapokea pongezi.

Hebu nieleze taratibu, maana nikisimulia kwa hasira nilizonazo watu hudhani nimechanganyikiwa.

Mwaka 2005 sisi Waswahili wachache wa Euless tulitengeneza filamu. Ridhwan alikuwa na kamera, Hudhaifa alikuwa na uso wa kuchekesha, na mimi nilikuwa na gundi. Tuliiita "Mbwa Mwitu wa Idi Mosi". Ilianza kwa diski za kuchoma nyumbani zilizogaiwa harusini pamoja na biriani, ikafika Houston, ikafika Toronto, mwisho mtu akaitia YouTube, na leo kuna watu wazima wenye watoto wanaoikariri tangu mwanzo hadi mwisho. Nenda harusi yoyote ya Waswahili wa Texas, lazima mtu mmoja atatoa kichekesho cha mle, na meza nzima itamjibu.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana anayepakia mizigo uwanja wa ndege anaumwa na mbwa asiyeeleweka kwenye maegesho ya magari. Anampigia simu mganga wa kwao Pemba, na mganga anamwambia, mwezi ukiandama tu, wewe mbwa mwitu. Sasa kwa Wamarekani mbwa mwitu hungoja mwezi mpevu, ule wa duara, ambao hakuna anayebishana nao. Mwezi wetu sisi ni ule mwembamba wa kuanzia, na huo ndio wenye kesi. Kwenye majengo anayoishi kijana huyu, ghorofa ya chini wanafuata Makka, ghorofa ya juu hawafungui mpaka wauone kwa macho yao, na kuna bwana mmoja wa katikati yeye hupiga simu Unguja. Chini wakitangaza kwamba umeandama, nusu ya mwili wake inaota manyoya. Juu wakisema bado, nusu nyingine inabaki mtu. Siku ya Idi anakwenda kuswali hivyo hivyo nusu kwa nusu, anasimama safu ya nyuma, na watu wameshughulika kugombana juu ya mwezi hata hakuna anayemtazama.

Ile nusu haikuwa akili ya mtu. Nilinunua nywele za kusukia rasta kwenye duka la vipodozi Grand Prairie, nikazibandika usoni mwa Hudhaifa kwa gundi ya kope. Nilimaliza shavu la kushoto. Nilipogeukia la kulia, la kushoto limeshavimba kama andazi. Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Basi, mke wangu, nusu yatosha. Hawa wenyewe mwezi hawajakubaliana." Ridhwan akaifumua hadithi nzima palepale, akaishona upya. Hilo nampa, simnyimi.

Tulipiga picha mchana, katika Ramadhani, kwa sababu usiku kila mtu alikuwa kazini. Ridhwan alifunika lenzi kwa karatasi ya buluu ya peremende, mchana ukawa usiku. Hudhaifa alikuwa amefunga. Siku ya kuuma paja la mbuzi aliliuma, akakaa nalo mdomoni bila kumeza hata mate, mpaka Ridhwan aliposema tayari, kisha akaenda kusukutua na kumpigia simu sheikh. Na ndege zilikuwa zikipita juu yetu kila baada ya dakika tatu, zinateremka uwanjani. Ikipita ndege, Hudhaifa huacha kusema, hutazama juu, hungoja, kisha huendelea alipoachia, na manyoya yake nusu. Watu walidhani imeandikwa hivyo.

Mwezi wenyewe haumo. Filamu nzima watu wanatazama juu, wanabishana, wanaapa, na mtazamaji haonyeshwi mwezi hata mara moja. Anakaa pale akiutafuta na yeye, na anacheka kwa sababu anajiona. Wale tulioishi majengo yale hatukuhitaji kuelezwa.

Kilichoifanya ipendwe zaidi ni kosa la Sadock. Sadock alikuwa mtu wa Mbeya, mlokole, tulimpa nafasi ya jirani kwa kuwa alikuwa jirani. Hudhaifa alitakiwa atoke kibarazani, atazame juu, aseme, "Mwezi umeandama," na Sadock akimbie. Lakini Sadock hakuwahi kusikia mwezi ukiandama. Kwao mwezi huonekana, na kuandama ni kumfuata mtu kwa shari. Basi badala ya kukimbia akauliza, kwa dhati kabisa, uso umemkunjamana, "Umemwandama nani?" Na Hudhaifa, bila kupepesa jicho, akamjibu, "Wewe." Sadock akakimbia kweli. Kamera ilitikisika kwa kicheko cha Ridhwan, na mtikisiko ule ukabaki kwenye filamu.

Hudhaifa alikufa mwaka 2007, moyo, asubuhi, akiwa njiani kwenda kazini. Binti yetu Nawal alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu.

Sikuwa na sauti yake pengine popote. Ujumbe aliouacha kwenye simu ulipotea nilipobadilisha simu, na nililia dukani mbele ya watu. Kwenye video ya harusi yetu yumo, anazungumza na kila mtu, midomo inakwenda, lakini aliyeitengeneza aliweka taarabu juu yake mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo Nawal alimjua baba yake kwa filamu ile. Kila Idi tulikaa kwenye kochi tukaitazama. Ukimsemesha Kiswahili mtoto huyu atakujibu Kiingereza, ndivyo walivyo wote waliozaliwa huku, lakini maneno ya kwenye filamu anayasema kwa lafudhi ya baba yake, Kipemba kitupu, na ndege anazingojea zipite.

Miezi minane iliyopita filamu ikatoweka YouTube. Diski yetu ilikwisha kukwaruzika siku nyingi. Nikaulizia kwa watu, kila mmoja alishaitupa ya kwake, kwa nini uweke diski na kitu kipo kwenye simu. Nikampigia Ridhwan, ambaye alihamia Houston zamani na siku hizi ana kadi inayosema yeye ni mtengeneza filamu.

"Shemegi, usiwe na wasiwasi," aliniambia. "Nimeitoa mimi. Nai-restore. Kuna kampuni inaitaka, itatoka dunia nzima. Utamsikia Hudhaifa kama yuko chumbani."

Kama yuko chumbani. Maneno hayo nilimpelekea Nawal kama nilivyoambiwa, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba ahadi ya mtu yule ilipita mdomoni mwangu. Miezi minane mtoto alisubiri. Siku ya onyesho, Jumamosi, aliamka kabla yangu, akapiga pasi gauni lake na langu, akaendesha gari kutoka kwetu Grand Prairie hadi Houston bila kutaka nimpokee.

"I'm gonna hear Baba on real speakers," alisema tulipopita Corsicana. Alisema tena tulipopita Huntsville. Ana miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi, si mtoto wa kurudia maneno.

Tulifika baada ya adhuhuri. Mlangoni kulikuwa na bango, na kwenye bango mwezi wa duara mkubwa kama sinia, na uso wa Hudhaifa chini yake. Ningejua hapo. Nilijiambia bango ni bango tu, nikaingia, na tukapewa viti vya mbele kabisa vyenye karatasi iliyoandikwa majina yetu. Nilidhani ni heshima.

Picha ilikuwa safi, sikatai. Niliiona hata gundi yangu pembeni ya sikio. Kisha Hudhaifa akatoka kibarazani, na juu ya paa la majengo yetu ya Euless kulikuwa na mwezi. Waliubandika kwa kompyuta, mzima, mweupe, unamulika mpaka magari yaliyoegeshwa. Watu wa ghorofa ya juu wanaapa kwa Mungu kwamba haujaonekana, na huo hapo juu ya vichwa vyao kama taa ya uwanja wa mpira. Ndipo nikasikia kikohozi.

"Mwezi umetoka," akasema Ridhwan kwa mdomo wa mume wangu.

"Umetoka wapi?" akauliza mtu nisiyemjua kwa mdomo wa Sadock.

"Nyuma ya mawingu."

Makofi yakafa, watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Wengine waligeukiana, kwa sababu walikuwa wamejiandaa kujibu na jibu lao halikuwa na pa kukaa. Halafu lilikuja lililonimaliza. Ngurumo za ndege wamezifuta zote, lakini Hudhaifa bado anazingojea. Anaacha kusema katikati ya sentensi, anatazama juu, anasubiri, na hakuna kinachopita. Walimfanya mume wangu aonekane punguani mbele ya watu mia mbili.

Nilimtazama Nawal. Hakuwa analia. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, anasema maneno ya zamani, yale ya kweli, na kila mara anapishana na yanayotoka kwenye spika. Mwisho akaacha, akaniinamia sikioni.

"Mama," alisema. "Where is he?"

Taa zilipowashwa sikungoja maswali na majibu. Nilikwenda moja kwa moja nyuma, Nawal ananifuata, nikamkuta Ridhwan anapigwa picha. Aliponiona akafungua mikono.

"Shemegi. Umeionaje?"

"Sauti ya mume wangu iko wapi?"

Akatuongoza haraka kwenye chumba cha pembeni palipowekwa sinia za sambusa za baada ya onyesho. Akafunga mlango. Akakohoa kikohozi chake, na wallahi nusura nimrushie sinia.

"Sound ilikuwa mbovu," alisema. "Ndege, shemegi. Kila ukigeuka ndege. Engineer amejaribu ku-clean mwezi mzima, akasema haiwezekani, ukiondoa ndege unamuondoa na mtu. Na kampuni wamesema wazi, bila clean audio hawachukui."

"Na mwezi?"

"Werewolf bila full moon watu hawamuelewi. Na hiyo kuandama, nani ataielewa Nairobi? Nani Kinshasa? Lazima tu-think kuhusu audience."

"Sadock hakuielewa," nikamwambia. "Ndiyo watu wakacheka miaka ishirini."

Lilimwingia, nililiona likimwingia.

"Haya," nikasema. "Ndege mbaya, mwezi wa kubandika, yote tuseme sawa. Kwa nini wewe? Vijana wa Kipemba wako wangapi Texas hii, hata sabuni wanauza mtandaoni kwa sauti zao? Kwa nini ujitie wewe?"

"Kwa sababu mimi nilikuwepo. Line zote ninazo kichwani. Mimi ndiye niliyeziandika, shemegi, watu wanasahau hilo. Miaka ishirini watu wananishika mkono wananiambia, yule Hudhaifa alikuwa hatari. Hudhaifa, Hudhaifa. Na mimi nasema ahsante."

Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mvi kidevuni, anamwonea wivu maiti. Huenda mtu mwingine angemhurumia. Mimi sikumhurumia hata kidogo, nilizidi kupanda.

"Kwa hiyo ulingoja afe ndipo umwingie mdomoni."

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto."

"Mtoto ameshakusikia. Amekusikia saa nzima."

Ndipo alipotoa karatasi. Aliitoa mfuko wa ndani wa koti, polepole, kana kwamba ni jambo la pembeni tu lililomjia sasa hivi. Kampuni inataka idhini ya warithi wa mwigizaji, alisema. Mke, na mtoto kwa kuwa ameshatimiza miaka kumi na minane. Bila saini mbili hizo filamu haiendi popote. Nikaelewa kwa nini alipiga simu mara tatu wiki ile kuhakikisha kwamba tunakuja wote wawili, na nikaelewa vile viti vya mbele.

"Ami," Nawal akamwambia Ridhwan, "ile ya zamani iko wapi?"

Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia mwanangu akisema Kiswahili kisichokuwa cha kwenye filamu. Ridhwan naye alishtuka.

"Ninayo, mwanangu. Kanda zote nimezihamisha, masaa kumi na moja, hata zile ambazo hazikuingia." Akatoa diski ndogo nyeusi, akaiweka mezani kando ya karatasi. "Tumalizeni hii, halafu mnachukua."

Nimeuguza wagonjwa majumbani mwa watu miaka kumi na saba. Nimetukanwa na wazee wasiojua wako wapi, nimepigwa kibao na bibi niliyekuwa namlisha, na sikuwahi kupandwa na hasira kama zile. Mtu huyu alikula kwangu. Alibeba jeneza. Sasa ameweka sauti ya mume wangu juu ya meza ya sambusa na anangoja nimpe kitu ndipo anipe.

"Unatuuzia," nikamwambia.

"Sijauza kitu, shemegi. Nimesema tumalize tu."

"Play it," Nawal akasema.

Ridhwan alisita, kisha akafungua kompyuta yake, akaichomeka ile diski, akabonyeza. Kwanza ilikuja ndege, ndefu, chumba kizima kikajaa ngurumo. Ilipokuwa inafifia mtu akasema, "Ngojeni ipite." Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya."

Alikuwa Hudhaifa. Ridhwan akafunga kompyuta.

Nawal alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Nikamkamata.

"Usitie saini. Ukitia, mtu huyu atasema kwa mdomo wa baba yako dunia nzima mpaka kiama."

"Mama, let them have the face. Sura ninayo. I have pictures." Macho yake yalikuwa kwenye ile diski. "Hiyo sina."

Nilikuwa tayari kuondoka pale na haki yangu yote, kichwa juu, na mtoto mikono mitupu, ili mradi nimkomoe Ridhwan. Niliona aibu, na aibu ile ikageuka hasira vilevile, maana siku ile kila kitu kilikuwa kinageuka hasira. Nikaichomoa diski kwenye kompyuta, nikaitia kifuani ndani ya nguo, mahali ambapo hawezi kuifuata.

"Sasa andika," nikamwambia. "Kwa mkono wako, chini ya karatasi. Mwanzo wa filamu, kabla ya kitu chochote, iandikwe kwamba sauti mtakayoisikia si ya Hudhaifa Ngwali, ni ya Ridhwan."

"Shemegi, hiyo itaharibu filamu."

"Umeshaiharibu. Andika."

Aliandika. Akaniuliza kama aweke jina lake kamili.

"Weka," nikasema. "Si ulitaka jina."

Sauti nilikuwa nimeshaichukua, na mimi si mwizi. Nikatia saini, Nawal akatia. Ridhwan akakunja karatasi yake, akasema tule japo sambusa moja moja kwa sababu ya safari. Tulimwacha anasema.

Kurudi niliendesha mimi. Jua lilikuwa bado kali. Nawal alikaa na kompyuta yake mapajani, akaiunganisha na spika za gari, na kabla hatujafika Conroe baba yake alikuwa anazungumza.

Nilidhani nitafurahi. Lakini wa kwanza niliyemsikia alikuwa Ridhwan. Yuko nyuma ya kamera, anamtajia Hudhaifa kila neno, na Hudhaifa analirudia kwa namna yake. Ridhwan, Hudhaifa, Ridhwan, Hudhaifa. Tulipoitazama filamu kwenye kochi alikuwa amekatwa, sasa yumo kila mahali. Nilipiga usukani kwa kiganja.

"Mruke," nikamwambia Nawal. "Kila akisema yule, mruke."

"I can't. They're on top of each other."

Kweli walikuwa wamepandana. Walikatizana, walitukanana matusi ya shuleni, mmoja anaanza sentensi na mwingine anaimalizia. Nilikuwa nimesahau kwamba walikuwa hivyo. Sikutaka kukumbushwa, siku ile hasa sikutaka, na nilitaka kumchukia mtu yule bila kusumbuliwa.

Ikaja sehemu ambayo haikuingia kwenye filamu.

"Sasa lia," Ridhwan alikuwa anasema. "Lia kama mbwa mwitu."

"Nimemsikia wapi mimi mbwa mwitu? Pemba tuna popo."

"Basi lia kama popo mkubwa."

Hudhaifa akalia. Siwezi kuieleza sauti ile. Ilianza kama paka, ikapanda, ikaisha kama mlango usiotiwa mafuta. Na mahali fulani nyuma yake mwanamke akaangua kicheko. Si kicheko cha adabu. Alicheka kwa mwili mzima, akakosa pumzi, akajaribu kujizuia, akashindwa, na Hudhaifa akalia tena kusudi, na yule mwanamke akaanza upya, juu zaidi, mpaka akawa anapiga kitu kwa mkono, meza au ukuta.

Nawal aliongeza sauti. "Who is that?"

"Sijui," nikasema, na sikujua. Nilifikiri labda ni Apolonia, mke wa Sadock, alikuwa na kicheko kikubwa. Niliwapitia wanawake wote wa Euless wa wakati ule, mmoja mmoja, na hakuna aliyefanana naye.

Kisha Hudhaifa akasema, karibu kabisa na kamera, na yeye mwenyewe maneno yanamtoka kwa taabu, "Mtoeni mke wangu nje, jamani. Idi itatufika hatujamaliza."

Nawal aligeuka akanitazama. Mimi nilitazama barabara. Miaka kumi na tisa mtoto huyu ameishi na mimi nyumba moja. Anajua ninavyoguna, ninavyofoka, ninavyobishana kwenye simu na watu wa bima. Kile kicheko changu hakukijua, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa nacho garini dakika nzima sijakijua.

"Zima," nikamwambia. Hasira zote nilizotoka nazo Houston nilikuwa bado ninazo, na Ridhwan hakutosha tena kuzibeba.

Hakuzima. Alirudisha nyuma, akampita baba yake bila kusimama, akatafuta mahali kile kicheko kinapoanza, akakifungulia tena.